Kutoka Kikwit hadi Beni: damu ya Wakongomani iliyozaa dawa ya Ebola

Tarehe 12 mwezi wa nane 2019 habari kubwa ilitangazwa. Kati ya dawa nne za Ebola zilizokuwa zikijaribiwa katika vituo vya Mangina, Beni, Katwa na Butembo, mbili zilikuwa zimeokoa watu wengi kuliko zingine. Profesa Jean-Jacques Muyembe, mkuu wa taasisi ya taifa ya utafiti INRB ya Kinshasa, alisema kwamba tangu siku hiyo hakuna tena sababu ya kuambia watu eti Ebola haina dawa. Utafiti huo ulikuwa na jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Wanasayansi walilifupisha wakaita PALM, na kwa jina hilo unajulikana duniani kote.

Wakaaji wengi wa Kivu ya Kaskazini walisikia habari hiyo wakadhani ni dawa iliyotoka Ulaya au Marekani, kama dawa zingine. Lakini moja kati ya zile mbili, ile inayoitwa mAb114, asili yake ni Kongo. Ilitoka katika damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka wa 1995. Na iliyoonyesha kwamba inaponya ni miili ya wagonjwa wa Beni na Butembo, watu waliokubali kuingia katika utafiti wakati mji wao ulikuwa katika vita na hofu.

Hata hivyo, wakati uleule, wengine walikimbia vituo, wakaficha wagonjwa, na vituo viwili vikashambuliwa na kuchomwa. Watu walisema wazi: wazungu na Kinshasa wanatufanya panya wa majaribio. Ni rahisi kusema kwamba walikuwa wajinga. Lakini mwenye kufuata historia ya utafiti wa magonjwa katika inchi hii ataona kwamba mashaka yale hayakuanza jana.

Bonde la Ruzizi, 1958

Mwezi wa pili mwaka wa 1958, utawala wa Kibelgiji ulianza kampeni kubwa katika bonde la Ruzizi, kwenye uwanda wa Uvira na ng'ambo ya mto katika Ruanda-Urundi. Watu waliitwa, wakapanga mistari, wakatiwa chanjo ya polio mdomoni. Katika wiki sita walipewa watu zaidi ya 215,000, wakubwa kwa watoto. Baadaye makumi ya maelfu ya watoto wa Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, walipewa pia.

Chanjo hiyo ilitengenezwa na Hilary Koprowski, mtafiti wa Philadelphia huko Marekani. Ilikuwa chanjo ya virusi hai vilivyodhoofishwa, na wakati huo ilikuwa bado haijaruhusiwa kutumiwa na watu wote nchini Marekani. Ilijaribiwa kwa sokwe waliofungiwa katika kambi ya Lindi, karibu na Stanleyville, yaani Kisangani. Mwishoni Marekani yenyewe haikuchagua chanjo ya Koprowski. Ilichagua ile ya mwenzake Albert Sabin.

Polio ilikuwa ugonjwa wa kweli, na kukinga watoto ni jambo jema. Lakini chini ya ukoloni hapakuwa na desturi ya kuuliza Mwafrika mmoja mmoja kama anakubali. Chifu aliitwa, chifu akaita watu, watu wakaja. Hesabu ilipelekwa Ulaya na kuchapishwa mwaka uleule katika jarida la wanganga wa Uingereza. Waliomeza chanjo hawakupata habari yoyote ya kile kilichoandikwa juu yao.

Ukimya huo ulizaa matunda machungu baadaye. Mwaka wa 1999 mwandishi wa habari Mwingereza Edward Hooper alitoa kitabu kikubwa akidai kwamba chanjo ya Koprowski ndiyo iliyoleta ukimwi, kwa njia ya sokwe wa Lindi. Madai hayo yalichunguzwa. Chupa za chanjo zilizokuwa zimehifadhiwa zilipimwa, hakikuonekana kirusi cha ukimwi wala alama ya sokwe. Mwaka wa 2004 watafiti walionyesha kwamba sokwe wa upande wa Kisangani wana virusi vya ukoo mwingine. Virusi vilivyozaa ukimwi vilitoka kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kameruni. Kwa hiyo uvumi ule ni uongo. Lakini watu walipousikia hawakushangaa, kwani walikumbuka kwamba wazee wao waliwahi kupangwa mistari bila kuelezwa kitu.

Yambuku, 1976

Miaka 18 baada ya Ruzizi, inchi ikiwa huru na ikiitwa Zaire, ugonjwa usiojulikana ulianza kuua watu huko Yambuku, katika zone ya Bumba, jimbo la Équateur. Pale palikuwa na hospitali ya misioni ya Wakatoliki yenye vitanda 120, iliyoongozwa na masista kutoka Ubelgiji. Kila asubuhi wauguzi walipewa sindano tano tu kwa wagonjwa wote wa siku. Kati ya mgonjwa na mgonjwa sindano ilisuuzwa katika maji ya vuguvugu, kiisha ikatumika tena. Hospitali iliyojengwa kwa kuponya ikawa njia ya kusambaza kifo. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa. Kwa jumla watu 318 waliugua, 280 wakafa.

Wa kwanza kuandika ripoti juu ya ugonjwa huo alikuwa Mkongomani, Daktari Ngoi Mushola, aliyekuwa munganga mkuu wa Bumba. Kiisha Kinshasa ilituma watu wake, na kati yao alikuwa Muyembe, wakati ule kijana wa miaka 34. Alikuwa amesomea uganga katika Chuo Kikuu cha Lovanium, akapata udaktari wa virusi huko Louvain Ubelgiji, akarudi nyumbani. Alifika Yambuku bila glavu wala mavazi ya kujikinga. Alichoma wagonjwa sindano kutoa damu, na akashangaa kuona kwamba damu inaendelea kutoka pale alipochoma, haikauki. Mikono yake ililowa damu. Aliosha kwa maji na sabuni. Kwamba hakuugua ni jambo ambalo yeye mwenyewe ameita bahati.

Muyembe alirudi Kinshasa pamoja na sista mmoja aliyekuwa mgonjwa. Sista huyo alikufa katika kliniki ya Ngaliema. Muuguzi mmoja wa kliniki hiyo, Mayinga N'Seka, aliambukizwa, naye akafa. Hadi leo virusi vilivyotoka katika damu yake vinatumiwa katika maabara za dunia kama mfano wa kulinganishia Ebola, na vinaitwa Mayinga. Ni wachache kati ya wanaotamka jina hilo kila siku wanaojua kwamba lilikuwa jina la dada wa Kinshasa.

Damu ya sista ilitiwa katika termosi ya barafu, ikapanda ndege ya abiria hadi Antwerp, Ubelgiji. Chupa mbili ndogo zilikuwa ndani, moja ikafika imevunjika. Kule kijana Peter Piot, mwenye miaka 27, alikuwa kati ya waliofungua termosi hiyo. Kutoka Antwerp virusi vilipelekwa Uingereza na Marekani, na maabara ya CDC ya Atlanta ikathibitisha kwamba ni virusi vipya. Wataalamu walivipa jina la mto Ebola ili jina la Yambuku lisichafuliwe milele.

Tangu hapo, vitabu vingi vilipoeleza nani aligundua Ebola, viliandika majina ya Antwerp na Atlanta. Aliyechukua damu kwa mikono mitupu hakutajwa, au alitajwa kwa mstari mmoja. Hakuna aliyeiba kitu. Ndivyo mambo yalivyokuwa yamepangwa. Zaire haikuwa na maabara ya kuchunguza virusi vya hatari kiasi hicho. Damu ikaondoka, na heshima ikafuata damu.

Kikwit, 1995

Ebola ilirudi kwa nguvu mwaka wa 1995 katika mji wa Kikwit, jimbo la Bandundu. Serikali ya Mobutu ilikuwa inaanguka, wauguzi hawakulipwa, hospitali hazikuwa na glavu. Mgonjwa mmoja alipasuliwa katika hospitali kuu, na waliompasua wakaambukizwa. Masista sita Waitaliano waliokuwa wakihudumia wagonjwa walikufa wote. Watu 315 waliugua, karibu 250 wakafa.

Muyembe alirudi tena uwanjani. Yeye na wanganga wenzake Wakongomani walijiuliza swali rahisi: kama mtu aliyepona ana kitu katika damu kilichoshinda ugonjwa, kwa nini asimpe mgonjwa damu hiyo? Wagonjwa wanane walipewa damu ya watu waliopona. Saba waliishi, mmoja akafa. Katika mji ambamo wagonjwa wanne kati ya watano walikuwa wakifa, hesabu hiyo ilikuwa kama muujiza.

Wataalamu wa kigeni hawakuikubali, na sababu yao ilikuwa na uzito. Hapakuwa na kundi la pili la kulinganisha. Wale wanane walipewa damu mwishoni mwa mlipuko, wengine wakiwa tayari wameishi siku kadhaa na ugonjwa. Huenda wangepona hata bila damu hiyo. Na ni kweli kwamba miaka 20 baadaye, huko Guinée, wagonjwa 84 walipopewa maji ya damu ya waliopona, haikuonekana faida ya wazi.

Lakini wazo la Kikwit halikufa. Kosa halikuwa katika wazo. Ni kwamba damu ya kila aliyepona ina askari wengi wa aina nyingi, wenye nguvu na dhaifu wamechanganyika. Kazi iliyobaki ilikuwa kumtafuta askari aliye hodari kuliko wote, kumtoa peke yake na kumzidisha.

Safari ya askari mmoja

Mwaka wa 2006, miaka 11 baada ya mlipuko, watu waliopona Kikwit walitoa damu yao. Muyembe alikuwa ameungana na watafiti wa taasisi za afya za Marekani, NIH, wakiongozwa na Nancy Sullivan. Katika maabara ya Antonio Lanzavecchia huko Bellinzona, Uswisi, chembe za damu hiyo zilichambuliwa moja baada ya nyingine. Mwili wa mtu ukishashinda ugonjwa huhifadhi chembe zinazokumbuka adui, na chembe hizo zinaweza kutengeneza tena kingamwili, yaani wale askari, hata baada ya miaka mingi.

Kati ya kingamwili zilizopatikana, moja ilikuwa hodari kupita zote. Iliitwa mAb114. Inashika sehemu ambayo kirusi cha Ebola hutumia kama ufunguo wa kuingia katika chembe ya mwili, inaizuia. Nyani walioambukizwa Ebola wakatiwa kingamwili hiyo hata siku ya tano baadaye, walipona. Habari hiyo ilichapishwa katika jarida la Science mwaka wa 2016. Mwaka wa 2018 watu 18 wazima huko Marekani walipewa ili kuona kama haina madhara.

Damu ya Kikwit ilitoa kitu kingine pia. Chanjo ya Ervebo, iliyoanzishwa katika maabara ya serikali ya Kanada na kutengenezwa na kampuni ya Merck, ile waliyochomwa watu zaidi ya 300,000 katika mlipuko wa mashariki mwa Kongo, ina kipande cha kirusi cha Ebola cha Kikwit 1995. Aliyechanjwa Butembo au Goma alifundishwa kupigana na adui wa Kikwit.

Beni na Butembo, 2018 hadi 2020

Tarehe 1 mwezi wa nane 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola iko Mangina, katika zone ya afya ya Mabalako. Ulikuwa mlipuko wa kumi wa inchi, na wa kwanza kutokea katika eneo la vita. Ulidumu hadi tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu 3,470 waliugua, 2,287 wakafa.

Kufahamu kwa nini watu hawakuamini, lazima kukumbuka Beni ilivyokuwa. Tangu mwezi wa kumi 2014 wakaaji walikuwa wakichinjwa usiku kwa mapanga katika vijiji vya Beni. Walilia, walizika, waliandamana, na dunia haikuja. Ebola ilipoingia, dunia ilikuja ndani ya siku chache na magari, ndege na dola. Watu waliuliza: kwa nini kifo hiki kina thamani kuliko kile? Mwaka wa 2019 surua iliua zaidi ya watu 6,000 Kongo nzima, wengi wao watoto, kuliko Ebola, na magari ya surua hayakuonekana.

Kiisha siasa ikaingia. Mwezi wa kumi na mbili 2018, siku chache kabla ya uchaguzi wa rais, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na inchi nzima, na moja ya sababu iliyotolewa ni Ebola. Makanisa yalijaa, masoko yalifunguliwa, lakini foleni ya kura ikakatazwa. Kesho yake waandamanaji walishambulia kituo cha wagonjwa huko Beni. Rais mpya aliapishwa mwezi wa kwanza 2019, wao bado hawajaingia katika chumba cha kura. Kwa wengi ilikuwa ushahidi kwamba Ebola ni biashara au silaha ya siasa. Kazi ya kupambana na ugonjwa, ile kila mtu aliita riposte, ikawa jina baya.

Mwezi wa pili 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa, kimoja baada ya kingine, katika wiki moja. Tarehe 19 mwezi wa nne, Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja na OMS, alipigwa risasi akafa katika hospitali ya chuo kikuu huko Butembo.

Katikati ya hayo yote utafiti wa PALM uliendelea. Ulianza tarehe 20 mwezi wa kumi na moja 2018. Mwanzoni wanganga walikuwa wakitoa dawa kwa huruma tu: mgonjwa huyu apewe hii, yule apewe ile. Kwa njia hiyo mgonjwa hupata kitu, lakini hakuna anayejua ni dawa gani iliyoponya na ni ipi isiyosaidia. Kwa hiyo INRB, NIH, OMS na mashirika ya wanganga walikubaliana kulinganisha dawa nne: ZMapp, remdesivir, mAb114, na baadaye REGN-EB3. Hakuna mgonjwa aliyepewa maji matupu. Kila mmoja alipata dawa na matunzo yote: maji ya mishipa, dawa za malaria, chakula. Ila nani apate dawa ipi iliamuliwa kwa bahati nasibu, ili munganga asiwape wenye nguvu dawa anayoipenda.

Mgonjwa, au jamaa yake kama yeye hawezi, alielezwa na kuombwa kibali. Hapa ndipo tofauti na Ruzizi. Mwaka wa 1958 hakuna aliyeulizwa. Mwaka wa 2018 kila mmoja aliulizwa. Kuuliza mtu anayetetemeka kwa homa, anayezungumza na munganga aliyefunikwa kwa plastiki tangu kichwa hadi mguu, si jambo kamili. Lakini swali lilikuwapo, na jibu la hapana liliwezekana. Watu 681 waliingia: wanaume, wanawake, wajawazito, watoto wachanga.

Waliopona nao walibaki kufanya kazi. Kwa sababu miili yao ilikuwa na kinga, waliweza kushika watoto wa wagonjwa bila woga, kuwalisha na kuwabeba, wakati mama zao walikuwa ndani ya kituo. Watu walipomwona jirani waliyedhani amekufa akirudi mtaani akiwa mzima, waliamini kuliko walivyoamini vipaza sauti.

Hesabu ilivyotoka

Kamati huru iliyosimamia utafiti ilisoma hesabu tarehe 9 mwezi wa nane 2019 ikaamuru kusimamisha kulinganisha, kwani jibu lilikuwa wazi. Kati ya waliopewa ZMapp, karibu 50 kwa mia walikufa. Waliopewa remdesivir, 53 kwa mia. Waliopewa mAb114, 35 kwa mia. Waliopewa REGN-EB3, 33 na nusu kwa mia. Kwa wale waliofika mapema, virusi vikiwa bado vichache katika damu, dawa mbili hizi zilifanya kifo kishuke hadi karibu mtu 1 kwa 10.

Zilikuwa rahisi pia. mAb114 hutiwa mshipani mara moja tu. ZMapp ilihitaji mara tatu kwa siku tofauti, remdesivir kama siku kumi. Katika kituo ambako risasi zinaweza kulia wakati wowote, mara moja ni jambo kubwa.

Lakini hesabu hiyo ina upande mwingine ambao haufai kusahauliwa. Kati ya waliohesabiwa katika utafiti, 290 walikufa. Wengine wao walikufa baada ya kupangiwa dawa ambayo leo tunajua ilikuwa dhaifu. Hakuna aliyejua wakati ule, wala munganga, wala mwenye kiwanda. Ndiyo maana ya utafiti wa kweli. Kila mgonjwa wa Ebola atakayeponywa na mAb114 kesho, awe Mkongomani au mtu wa bara lingine, atapona kwa sababu ya watu wa Beni, Katwa, Butembo na Mangina waliokubali kuingia bila kujua watapata nini.

Majina kwenye karatasi

Matokeo ya PALM yalichapishwa mwishoni mwa 2019 katika New England Journal of Medicine, jarida ambalo wanganga wa dunia nzima huliheshimu. Katika karatasi za sayansi nafasi mbili ndizo za heshima: jina la kwanza na jina la mwisho. Jina la kwanza lilikuwa la Sabue Mulangu wa INRB. La mwisho lilikuwa la Muyembe. Miaka 43 ilipita kati ya termosi ya Yambuku na karatasi hiyo.

Mwaka huohuo Muyembe alipewa kuongoza riposte nzima, na Japani ikampa zawadi ya Hideyo Noguchi pamoja na Profesa Francis Omaswa wa Uganda. Mwezi wa pili 2020 jengo jipya la INRB lililojengwa kwa msaada wa Japani lilifunguliwa Kinshasa. Muyembe alikuwa ameshatoa uamuzi mmoja ambao haukuwapendeza watafiti wote wa ng'ambo: damu ya wagonjwa wa Ebola wa Kongo itabaki Kongo. Anayetaka kuichunguza aje hapa, afanye kazi na Wakongomani. Wakati wa mlipuko wa Kivu Kaskazini, vijana wa INRB walisoma herufi za virusi humuhumu ndani ya inchi ili kujua mnyororo wa maambukizi unatoka wapi.

Dawa iko wapi?

Linabaki swali ambalo heshima peke yake haijibu. Marekani iliidhinisha REGN-EB3, sasa Inmazeb ya kampuni ya Regeneron, mwezi wa kumi 2020. Miezi miwili baadaye iliidhinisha mAb114, ambayo sasa inaitwa Ebanga. Mwenye leseni ya Ebanga ni kampuni ya Ridgeback Biotherapeutics, ya Florida. OMS ilishauri rasmi mwezi wa nane 2022 kwamba wagonjwa wa Ebola wa aina ya Zaire wapewe moja ya dawa hizo. Wakati huohuo shirika la MSF lililalamika waziwazi kwamba karibu akiba yote iko mikononi mwa Marekani, imehifadhiwa kwa hofu ya shambulio la silaha za virusi, wakati inchi ambazo Ebola inaua watu zinapaswa kuiomba.

Jambo hilo ni gumu kumweleza mkaaji wa Kikwit au Butembo. Damu ilitoka Bandundu. Jaribio lilifanyika Kivu. Leseni iko Florida, akiba iko Marekani. Ni kweli kwamba pesa nyingi za utafiti zilitoka kwa walipakodi wa Marekani, na kwamba bila maabara za Bethesda na Bellinzona yule askari hodari angebaki amefichwa katika damu ya mtu mmoja. Kiwanda cha kingamwili si kitu ambacho Kongo inacho leo. Lakini anayechangia mwili wake amechangia mtaji, na mwenye mtaji ana haki ya kuuliza gawio lake. Gawio hilo si pesa mfukoni. Ni dawa kuwa karibu kabla ya mgonjwa wa kwanza kufa.

Kuna dalili nzuri. Ebola ilipotangazwa Bulape, jimbo la Kasai, mwezi wa tisa 2025, sehemu ya chanjo ilikuwa tayari Kinshasa, na wagonjwa walitiwa mAb114. Askari wa Kikwit alirudi Kongo kufanya kazi. Lakini umbali kati ya ghala na kitanda cha mgonjwa bado ni mrefu, na barabara ya Kasai si bora kuliko ya Beni.

Watafiti wengine watakuja, kwa Ebola, kwa mpox, kwa malaria. Mkaaji hahitaji kuwakimbia, wala hahitaji kupanga mstari kimya kama bonde la Ruzizi mwaka wa 1958. Anaweza kuuliza maswali manne, na mtafiti mwaminifu atakuwa na majibu. Ninapewa nini, na kuna hatari gani? Damu yangu itabaki wapi? Matokeo yataletwa lini hapa, kwa lugha gani? Na dawa ikipatikana, nani ataihakikishia zone yetu ya afya kwamba itafika? Mtafiti akijibu yote manne kabla ya kufungua sindano, hapo jina Pamoja Tulinde Maisha litakuwa limepata maana yake yote.